Mhariri na Majina ya Wazee wa Mlali

Watu wa Dodoma walimwita Mhariri. Alikuwa mchungaji, mwalimu wa chuo cha wachungaji, mume wa mtu na babu wa wajukuu wengi, lakini majina hayo yote yalikaa nyuma ya hili moja, na yeye mwenyewe alilipenda kupita yote. Ukimwita Mchungaji aliitikia kwa heshima. Ukimwita Mhariri aligeuka mwili mzima.

Mjini jina hilo lilileta vituko, kwa sababu wengi hawakuwa wamelisikia kabla yake. Mhindi mmoja mwenye duka la karatasi na wino karibu na stesheni aliamini kwa muda mrefu kwamba mteja wake huyu anafanya biashara ya hariri, na kila alipomwona alimuuliza lini ataleta kitambaa wakitazame. Mhariri hakumsahihisha. Alimjibu kwamba mzigo uko njiani. Toleo jipya la jarida alilolihariri lilipotoka, alimpelekea nakala moja, akaiweka juu ya meza ya duka na kumwambia kwamba hariri yenyewe ndiyo hii. Mwenye duka akaifungua, akaipapasa kwa vidole, akacheka mpaka mkewe akatoka nyuma kuona kuna nini. Tangu siku hiyo alituwekea kando karatasi nzuri, hata wakati wa vita, karatasi zilipokuwa adimu kama mvua ya Agosti.

Jarida letu lilikuwa la theolojia, la Kiswahili, na lilitoka mara tatu kwa mwaka, karatasi zikipatikana. Tulilichapa kwa mashine ya kudurufu katika chumba kimoja cha chuo, nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo wa Julai ulituletea vumbi jekundu mpaka ndani ya wino. Wasomaji wake walikuwa wachungaji, walimu wa dini na walimu wa shule, kuanzia Kondoa mpaka Mpwapwa. Lilikuwa na makala ndefu, uhakiki wa vitabu, na tanbihi chini ya kila ukurasa. Na kwa miaka yote ile lilizunguka swali moja tu: watu waliotawaliwa kwa hofu, utawala ule ukiondoka, hofu yao inakwenda wapi?

Mhariri alisema haiendi popote. Inahamia kwenye lugha, kwenye magoti, kwenye namna mtu anavyopiga hodi, na mwisho inaingia kanisani na kukaa benchi la mbele. Kazi ya theolojia, aliniambia wiki yangu ya kwanza, ni kujua inakaa wapi na kuiambia ihame.

Mimi nilimjua kwa ugomvi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana, nina miaka ishirini na mitano, na nilikuwa nimesoma katika jarida lake kwamba Wagogo wa zamani walimwogopa Mungu kama mtu anavyoogopa radi. Nikamwandikia barua kali. Nilimwambia kwamba bibi yangu hakumwogopa Mungu hata kidogo. Mvua ilipochelewa, bibi alitoka nje ya nyumba yake ya tembe asubuhi, akatazama juu na kumuuliza Mulungu kama amelala, na kama hajalala, basi anafanya nini kitu kikubwa hivyo kinachomzuia kutazama chini. Alimsema kama mtu anavyomsema shemeji aliyeahidi kuja kusaidia kulima asije. Lakini bibi huyohuyo, alipobatizwa uzeeni, kanisani alisimama amekakamaa, mikono imenyooka ubavuni, macho chini, na sala yake ikawa "Ndiyo, Bwana" na "Naam, Bwana" peke yake. Nilimuuliza Mhariri: hofu hiyo ilitoka kwa wahenga wetu, au ilitoka kwingine?

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja. "Mwalimu, njoo Jumamosi, uje na bibi yako kama yu hai."

Bibi alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Nilimkuta amekaa sakafuni, amezungukwa na karatasi, anapanga kurasa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mchungaji," akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaniuliza kama najua kupiga chapa. Nilikuwa nimejifunza kidogo kwa mama mmoja wa misheni. Akanionyesha taipureta. Niliketi pale Jumamosi ile nikafanya kazi naye kwa zaidi ya miaka kumi.

Watu walidhani mtu anayechunguza hofu lazima awe mtu wa huzuni. Mhariri alikuwa mcheshi kuliko wachungaji wote niliowahi kuwajua. Alicheka kwanza kabla ya kumaliza hadithi, na mara nyingi ilibidi tumwombe aianze upya. Hata habari za viboko alizisimulia akicheka. Utotoni alikuwa amesoma shule ya serikali ya Wajerumani, na huko alipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kosa la kujibu swali kabla hajaulizwa. Alisema neno lao la "simama" alijifunza siku ya kwanza, na neno la "keti" alijifunza mwaka wa tatu, tena kwenye kitabu.

Na bado alikipenda Kijerumani. Hilo lilinishangaza mno. Kabatini alikuwa na vitabu vya theolojia vya lugha hiyo, vinene kama matofali, navyo alivifuta vumbi kila Jumatatu kwa kanga kuukuu ya mkewe. Nilipomuuliza, alisema lugha haikumpiga. Waliompiga ni watu, nao wameshaondoka wakaacha vitabu, na yeye si mjinga wa kukataa vitabu.

Alikuwa na vituko vingine vya kujipinga. Huyu aliyeandika kurasa nyingi juu ya hofu ya wakubwa, hakuweza kupita mbele ya boma bila kuvua kofia. Jumapili moja tulipita pale tukitoka ibadani, ofisi zote zimefungwa, hata askari hayupo, nikaona mkono wake unapanda kichwani na kushuka na kofia. Alitembea hatua kadhaa, kisha akasimama, akaitazama ile kofia mkononi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka pale. Akanigeukia na kusema, "Umeona? Andika." Tukaandika. Katika toleo lililofuata habari ile ilitajwa katika makala juu ya mazoea ya mwili, na chini pakawekwa tanbihi: Mhariri mwenyewe, njiani kutoka kanisani, Jumapili.

Kwa habari ya tanbihi hakuwa na masihara. Alisema tanbihi ni adabu. Ukila kwa mtu, useme umekula kwa nani. Maneno ya mzee wa kijijini yaliyosemwa wakati wa kupura mtama yaliwekewa tanbihi sawasawa na kitabu cha profesa wa Ulaya, kwa herufi zilezile. Vijana wa chuo waliona ni kichekesho. Yeye aliwaambia kwamba profesa ameisoma hofu, na mzee amelala nayo kitanda kimoja, sasa wamwambie shahidi ni yupi.

Na kwa habari ya alama ya mkato alikuwa mkatili. Alinirudishia stensili nzima, ile karatasi ya nta ya kudurufia, kwa mkato mmoja uliokaa vibaya, na stensili ikishaharibika hairekebishiki vizuri, lazima uanze upya. Siku moja mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alituletea uji akamkuta ananikaripia. Aliweka bakuli chini taratibu na kumwambia, "Baba, umekuwa Mjerumani." Mhariri alikunywa uji wote, akachukua ile stensili, akaketi kwenye taipureta, akaanza kuipiga upya yeye mwenyewe kwa kidole kimoja. Ilimchukua mchana kutwa, na alikosea mikato mingi kuliko mimi.

Mama ndiye aliyelipatia jarida neno lake kubwa kuliko yote, na habari hiyo inatupeleka Kondoa.

Wakati wa vita serikali ilikuwa imeleta wakimbizi wa Kipolandi na kuwaweka katika kambi huko Kondoa. Walikuwa wanawake wengi, watoto, na wazee. Mhariri alisikia kwamba miongoni mwao yumo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akifundisha theolojia chuo kikuu kwao, na wiki hiyo hakulala vizuri kwa furaha. Tulipanda lori la mizigo, yeye, Mama na mimi, tukafika tumekuwa wekundu kama vigae.

Yule mama tulimwita Profesa. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele nyeupe alizozifunga kwa kitambaa cha kitenge, na Kiswahili chake kilikuwa salamu na majina ya mboga. Kiingereza hakukijua. Mhariri alijaribu hili na lile, hawakuelewana, mpaka kwa kukata tamaa akasema kitu kwa Kijerumani. Profesa alishtuka. Akajibu kwa Kijerumani. Wakatazamana, kisha wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na sisi wengine tumesimama hatujui kinachochekesha. Baadaye Mhariri alinieleza. Alikuwa amemwambia, "Samahani, lugha hii mimi nilifundishwa kwa fimbo." Naye Profesa alikuwa amemjibu, "Mimi pia, ila yangu ilikuwa bunduki."

Walizungumza siku tatu. Profesa alieleza kwamba nchi yao ilivamiwa na watawala wawili, Wajerumani kutoka magharibi na wengine kutoka mashariki, na yeye alichukuliwa na wale wa mashariki akapelekwa kwenye baridi, kisha nchi kwa nchi mpaka akafika kwetu. Alisema mtawala wa kawaida anataka utii. Wale wa kwao walitaka utii, walipoupata wakataka shangwe, na walipopata shangwe wakataka itoke moyoni. Walitaka mezani kwako, kitandani kwako, ndotoni kwako. Na alisema jambo ambalo Mhariri aliliandika palepale: kwamba hapa Kondoa hakuna anayewasikiliza, wala hakuna anayewanyima chakula, na bado wanawake wa kambi hupunguza sauti wakitaja jina la mtu, na yeye mwenyewe, mwalimu wa chuo kikuu, kila usiku huweka kipande cha mkate chini ya mto.

Alikubali kutuandikia makala. Shida ikawa neno. Utawala wa namna ile kwao ulikuwa na jina lake, refu na la kitaalamu, na Mhariri alikataa kuliingiza katika Kiswahili kama lilivyo, kwa kuwa msomaji wa Mpwapwa angelitazama kama anavyotazama treni inayopita. Wakakaa kutwa nzima wakijaribu. Utawala wa mabavu? Hapana, mabavu yako kila mahali. Utawala wa kila kitu? Hapana, hilo linamfaa Mungu. Jioni Mama alikuwa anapakua ugali wa uwele na mlenda, akauliza huyo mtu wanayemtafutia jina amefanya nini hasa. Mhariri akamweleza kwa kifupi. Mama akasema, "Ah, kumbe ni mtu asiyebakiza. Akija mgeni akala chungu kizima, akakomba na ukoko, si ndivyo tunavyosema? Habakizi."

Mhariri aliweka tonge chini. Akamfasiria Profesa, naye Profesa akasimama, akazunguka meza, akambusu Mama mashavu yote mawili, jambo ambalo Mama alilisimulia kwa miaka. Ndivyo tulivyopata "utawala usiobakiza". Wanafunzi wa chuo wakalitumia, wachungaji wakalihubiri. Na tanbihi ikasema: Neno hili ni la mke wa Mhariri, mezani, Kondoa.

Sasa nije kwenye matata.

Mwaka uliofuata Mhariri na mimi tuliandika makala moja pamoja, juu ya namna waumini wetu wanavyosimama wakati Injili inasomwa. Ilianzia kwa bibi yangu. Tulikuwa tumekwenda Mlali, upande wa Kongwa, kuongea na wazee waliokumbuka enzi za Wajerumani, nao walitueleza kwamba siku hizo karatasi ikisomwa hadharani ilikuwa kodi au kazi ya nguvu, na kila mtu alisimama mikono ubavuni mpaka karatasi ikunjwe. Basi Injili nayo ni karatasi inayosomwa. Mzee mmoja akaongeza maneno haya, nasi tukayaandika kama alivyoyasema: "Wajerumani walituambia simameni. Waingereza wamekuja, lakini hawajatuambia ketini."

Tulijua ni maneno mazito. Mhariri hakuweka majina ya wazee wale. Tanbihi ilisema tu "mzee mmoja wa Mlali", "mzee mwingine wa Mlali". Majina yetu wawili yalikuwa juu.

Baada ya wiki chache Mkuu wa chuo alituita. Alikuwa Mwingereza mpole, mpenda maua, aliyejitahidi kuotesha waridi katika ardhi ya Dodoma kwa maji ya kuoshea vyombo. Barua ilikuwa imetoka serikalini. Waliotoa maneno yale ni nani? Majina yao yapelekwe kabla ya mwezi kwisha, la sivyo kibali cha karatasi kitafutwa na jarida litakoma. Alimsihi Mhariri ayatoe tu majina, akasema haitafika mbali, ni vizee visivyo na madhara. Nami, shuleni kwangu, niliambiwa nifikiri vizuri kama kazi ya ualimu naipenda.

Mhariri alikataa. Alikuwa amesimuliwa na Profesa jinsi mumewe alivyopotea: mwenzake wa kazini, mtu mwema kabisa, aliulizwa majina ya waliohudhuria mkutano, akayaandika bila kufikiri baya lolote. Mhariri alimwambia Mkuu wa chuo kwamba jarida linaweza kufa, likifa litazikwa, lakini orodha hataiandika. Aliyasema kwa sauti ya kawaida. Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi. Kwa siku nyingi hakula vizuri wala hakucheka, na nyumba nzima ikapooza.

Mwishowe alisema lazima twende Mlali tukawaombe radhi wazee wale na kuwatahadharisha. Tulipata lori la mahindi mpaka Kibaigwa, kutoka pale tukaenda kwa miguu. Wazee walitupokea vizuri. Mhariri alisimama mbele yao akaeleza yote: barua, vitisho, na kwamba majina yao hayakuandikwa wala hayatatajwa, wasiwe na wasiwasi.

Kisha yule aliyesema maneno ya "ketini", mzee mrefu aitwaye Chidawali, aliniambia nisome pale tulipomwandika. Nikasoma: mzee mmoja wa Mlali.

"Mlali ina wazee wangapi?" akauliza.

Nikasema ni wengi.

"Basi msomaji atajuaje kwamba ni mimi? Anaweza kudhani ni huyu," na akamwonyesha jirani yake kwa kidevu, "na huyu siku ile alikuwa amesinzia."

Wazee walicheka, na yule jirani alicheka zaidi. Lakini Chidawali hakucheka. Alimtazama Mhariri akasema kwa utaratibu, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kigogo, "Wewe umeandika kwamba sisi tunaogopa. Ni kweli, tuliogopa. Lakini ulipokuwa unaficha majina yetu, ulituuliza kama bado tunaogopa?"

Mhariri alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuichunguza hofu ya watu hawa, na haikuwahi kumjia akilini kuwauliza swali hilo. Nilidhani atalia. Badala yake kicheko kilianza tumboni kwake, kikapanda, kikatoka, cha kwanza baada ya wiki zile zote. Akasema, "Wazee wangu, sikuuliza. Sasa nauliza."

Waliokuja Dodoma walikuwa sita. Walivaa migolole yao safi, wakapanda lori lile lile la mahindi lililokuwa linarudi mjini, wakiwa juu ya magunia, na njia nzima waliimba. Asubuhi tuliingia bomani. Ofisa aliyehusika alikuwa kijana, mgeni nchini, mwenye Kiswahili cha kitabuni, na alishangaa kuona ofisi yake imejaa. Palikuwa na kiti kimoja cha mgeni. Chidawali alikivuta akaketi, bila kuambiwa na mtu. Nilimwona Mhariri akishika ukingo wa dirisha.

Ofisa aliuliza ni nani aliyesema maneno yale. Chidawali akajibu, "Ni mimi. Naitwa Chidawali, wa Mlali. Andika." Ofisa akachukua kalamu, akaandika, akakosea, na Mhariri, pamoja na hofu yake yote, hakuweza kujizuia, alisogea mezani akamwambia kwa upole kwamba baada ya D inakuja A. Mmoja baada ya mwingine wazee walitaja majina yao na maneno waliyosema. Aliyekuwa amesinzia alisema hakusema kitu siku ile, lakini anayaunga mkono yote.

Ofisa aliweka kalamu chini. Akawauliza wanataka nini. Nadhani alitegemea kusikia habari za kodi, au ardhi, au mifugo. Chidawali alisema wanataka majina yao yaandikwe katika jarida, kama walivyoandikwa wazungu wenye vitabu. Yule kijana alimtazama Chidawali, kisha akawatazama wale watano waliosimama ukutani. Uso wake ukawa mwekundu. Aliinuka, akatoka nje mwenyewe bila kumwita tarishi, na tukasikia kitu kinaburutwa barazani. Alirudi akisukuma benchi refu. Akasema, "Ketini, wazee. Tafadhali."

Walikaa wote watano. Wakazungumza mpaka saa sita, juu ya Wajerumani, juu ya njaa za zamani, juu ya ng'ombe. Kibali cha karatasi hakikufutwa, ila tuliombwa kupeleka nakala moja bomani kila toleo, na ofisa yule alilisoma kweli, kwa sababu baadaye alituandikia kulalamika kwamba tumekosea mwezi katika tanbihi. Mhariri alifurahi kuliko angepewa ng'ombe.

Toleo lililofuata lilifunguka kwa ukurasa wa masahihisho. Palipoandikwa "mzee mmoja wa Mlali", pasomeke Chidawali. Palipoandikwa "mzee mwingine", pasomeke fulani, na fulani, wote sita. Chini yake Mhariri aliandika maneno machache akikiri kwamba jarida lilikuwa limeyaficha majina ya watu bila ruhusa yao, na kwamba kuficha kule kulitoka katika hofu ya mwandishi. Tulipeleka nakala sita Mlali. Niliambiwa kwamba Chidawali, ambaye hakujua kusoma, aliwaomba watoto wamwonyeshe jina lake lilipo, akalikariri umbo lake, na baada ya hapo alilitafuta katika kila karatasi iliyopita mbele yake.

Miaka ilikwenda. Kambi ya Kondoa ilifungwa, na Profesa akapata nafasi ya kwenda kuishi ng'ambo kwa ndugu zake. Tulimsindikiza stesheni ya Dodoma. Walizungumza Kijerumani na Mhariri mpaka treni ikaanza kwenda, na dirishani alimpungia Mama kwa kile kitambaa cha kitenge. Aliendelea kutuletea makala kwa posta. Katika barua moja alituambia kwamba siku hizi analala bila mkate chini ya mto, isipokuwa siku za baridi kali sana, na kwamba Mhariri anaweza kuliandika hilo akitaka. Aliliandika.

Mimi niliolewa, nikahamia Iringa na mume wangu, na Mhariri akastaafu. Jarida lilichukuliwa na vijana aliowafundisha, ambao waliweka mikato popote walipopenda.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Chamwino, miaka ya mwishomwisho ya Waingereza, katika arusi ya mjukuu wake wa kike. Watu walikuwa wanazungumza siasa kila kona, nani atashika nini bendera ikibadilika. Tulifika na basi mchana, mume wangu na mimi, ibada imekwisha na watu wamehamia uwanjani. Wanawake walikuwa wamebana ngoma mapajani wanazipiga kwa nguvu, na mzee mmoja anapiga zeze. Nilitafuta meza ya wachungaji, nikijua nitamkuta huko, kwa sababu misheni ilikuwa imekataza ngoma tangu sijazaliwa, na mchungaji aliyeonekana uwanjani alijibu mbele ya baraza. Nilimkuta Mama peke yake, amezeeka, amenenepa, anakula pilau. Nilimwamkia, akanikumbatia. Nilipomuuliza Baba yuko wapi, alionyesha kwa kijiko.

Alikuwa katikati ya safu ya wanaume. Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe, amevua koti, na mabega yake yalitikisika sawasawa na ngoma, vizuri kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kuacha. Vijana walikuwa wanamfuata yeye. Niliwaza ni wapi alijifunza, na ni miaka mingapi alikaa nayo mwilini.

Alipotoka kupumzika alikuja kwetu akitweta, jasho linamtiririka. Nilimwambia shikamoo, akaitikia, akanishika mikono yote miwili, akauliza habari za Iringa, za watoto, za kazi. Nilimjibu yote. Kisha nikamuuliza, nusu kwa utani, ni nani aliyemruhusu kucheza.

"Sikumuuliza mtu," alisema.

Mama akampa maji. Alikunywa kikombe kizima akiwa ameshageuka, maana ngoma ilikuwa imebadilika na wenzake walikuwa wanamwita.